Fundi Saa Aliyehesabu Moyo Wake

Kila asubuhi, saa mbili kasoro robo, fundi saa alifungua duka lake. Lilikuwa duka jembamba, limebanwa kati ya mshona viatu na muuza madaftari. Ndani mlikuwa na meza moja ndefu na viti viwili. Ukutani zilining'inia saa thelathini na kitu, na kila moja ilisema lake.

Watu walimwita Dakika Mbili. Ukimpelekea saa, angekuambia bila kuinua kichwa, "Nipe dakika mbili." Ukirudi kesho yake, maneno ni yale yale. Wateja walimcheka, lakini walisubiri. Mkono wake ulikuwa safi, na saa ikishapita kwake ilikaa miaka bila kurudi.

Viti vilikuwa viwili kwa sababu mafundi walikuwa wawili. Kiti cha pili kilikuwa cha kaka yake. Walifanya kazi bega kwa bega miaka kumi na tisa. Kisha kaka akafa, pale pale kitini, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa akitibiwa siku nyingi na vidonge alivimeza bila kukosa. Hata hivyo moyo ulisimama.

Fundi saa hakulia. Walimzika kaka Jumamosi, na Jumatatu yeye alikuwa mezani. Sasa nyumba mbili zilimtegemea: yake, na ya shemeji yake, mjane wa kaka. Watu walisema, mwanamume huyu kajikaza kwelikweli. Hakuna aliyemwuliza amejikazaje.

Wiki ya sita, alichukua saa ambayo kaka aliiacha wazi mezani. Alitaka kuimalizia. Alipoanza kutia springi, moyo wake ukaruka. Ukaanza kudunda kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Vidole vikafa ganzi. Kijasho kikamtoka. Hewa ikawa haitoshi.

"Ndiyo leo," alijiambia. "Nakufa kama kaka."

Hakufa. Baada ya robo saa moyo ulitulia, naye akabaki ameloa na amechoka kama mtu aliyepakua lori zima. Aliifunika ile saa kwa bilauri, akaisukuma pembeni. Hakumwambia mtu.

Lakini yeye alikuwa fundi. Fundi akiletewa saa inayokimbia, huipima kwanza, huandika, kisha huirekebisha. Alikuwa na daftari la kuandika saa za wateja: hii imekimbia dakika tatu kwa siku, ile imechelewa mbili. Ukurasa wa mwisho akaufungulia moyo wake. Aliweka vidole viwili shingoni, akatazama mshale wa sekunde, akaandika. Asubuhi, sabini na nane. Kabla ya chai, themanini na nne. Baada ya ngazi, mia na kumi.

Mwanzoni alipima mara tatu kwa siku. Baadaye ikawa kila saa, kisha kila robo saa. Kadiri alivyopima ndivyo moyo ulivyokimbia, na kadiri ulivyokimbia ndivyo alivyopima. Usingizi ukampotea. Mchana akajiamsha kwa kahawa, vikombe vitano, sita. Mikono ikaanza kutetemeka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, mteja alirudisha saa.

Mkewe alikuwa akimtazama.

"Baba watoto, shingo inakuuma?"

"Haiumi."

"Mbona unaishikashika?"

"Inaniwasha."

"Miezi minne inakuwasha? Hiyo shingo ina kunguni?"

Fundi saa alitoka nje. Mkewe naye hakucheka. Alibaki ameshika sufuria, akiogopa.

Siku moja fundi saa alikwenda kumjulia hali shemeji yake. Begi la kaka lilikuwa bado nyuma ya mlango. Ndani alikiona kichupa cha vidonge. Kaka alikuwa amemweleza zamani, "Hivi vinapunguza mbio za moyo." Fundi saa alikitia kichupa mfukoni. Alijiambia kwamba saa ikikimbia, mtu huirudisha nyuma. Aliona ameshapata dawa.

Ijumaa ile, dukani, alihesabu mia moja ishirini na nne. Akameza kidonge kimoja. Akangoja robo saa, akaona moyo bado unakimbia. Akameza vingine viwili. Saa moja baadaye alisimama kumpa mteja chenji. Ukuta ukazunguka, saa zote zikakaa kimya masikioni mwake, akaanguka na kupasua nyusi kwenye kiti cha kaka.

Mshona viatu alisikia kishindo. Alimbeba mgongoni hadi zahanati, mtaa wa pili, na njia nzima alikuwa akisema, "Usinifanyie hivyo, Dakika Mbili. Usinifanyie hivyo na wewe."

Tabibu wa zahanati, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimpima. Mapigo yalikuwa arobaini na mbili kwa dakika. Mkewe alipofika, alimkuta ametundikiwa dripu na kitambaa cha damu kiko sakafuni.

"Umemeza nini?" tabibu aliuliza.

Fundi saa alitazama dari.

"Baba, umemeza nini? Niambie sasa hivi."

Alikitoa kichupa. Mkewe alisoma jina lililoandikwa juu yake, jina la marehemu. Akakaa chini pale pale sakafuni.

"Dawa hii aliandikiwa mtu mwingine, kwa ugonjwa mwingine," alisema tabibu. "Kwako ingeweza kusimamisha moyo. Umeponea chupuchupu."

Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali kubwa siku ile ile. Alilala huko siku mbili, wakimwangalia hadi dawa ilipomtoka mwilini. Walimpima umeme wa moyo, presha, damu na tezi ya shingo. Kwa kuwa ndugu yake wa damu alikufa kwa moyo, walimpima hata mara ya pili. Wiki iliyofuata alirudi kwa tabibu na majibu. Mkewe alikaa kando yake.

"Moyo wako ni mzima," alisema tabibu.

Fundi saa hakufurahi. "Kwa hiyo mnasema najifanya? Au nimerukwa na akili?"

"Hapana. Kudunda ni kwa kweli. Ganzi ni ya kweli. Hakuna anayesema unaigiza. Lakini kinachokushika ni shambulio la hofu. Mwili una king'ora chake. Ukiona hatari, moyo hukimbia, pumzi hufupika, ili upigane au utimue mbio. Kwako king'ora kinalia na mwizi hayupo. Ukikisikia, unaogopa. Ukiogopa, kinalia zaidi."

"Na kikilia mpaka nife?"

"Shambulio la hofu lenyewe haliui. Hupanda, mara nyingi hufika juu kabisa ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka. Hushuka hata usipofanya kitu." Alimtazama. "La kwanza lilikukuta ukifanya nini?"

"Kazi. Nilikuwa natia springi."

"Kwenye saa ya nani?"

Fundi saa alitazama mikono yake. Mkewe alimshika mkono, naye akauondoa, kisha akaurudisha.

"Saa aliyokuwa akitengeneza kaka," alisema mwishowe. "Siku ile. Aliniambia, kifua kinanibana, hebu nishike twende nje. Mimi nilikuwa na kioo cha kukuzia jichoni. Sikugeuka hata kumtazama. Nilimwambia..."

"Ulimwambia nini?"

"Nipe dakika mbili."

Mkewe aligeuka kumtazama. Alikuwa hajui. Hakuna mtu aliyekuwa akijua.

"Ningeinuka saa ile ile, angepona?" aliuliza fundi saa.

"Sijui," alisema tabibu. "Labda. Labda hata ungeinuka angekufia mlangoni. Sitakudanganya ili upate usingizi. Ninachojua ni kwamba hukumwua. Hukujua. Na jambo hili umelifungia ndani peke yako miezi minane. Mwili umechoka kulibeba, sasa unapiga kelele."

Kisha akanyoosha mkono. "Nimesikia kuna daftari."

Mkewe alilitoa kwenye mkoba. Fundi saa aliruka. "Hilo hapana! Fundi asipopima atajuaje?"

"Saa haijui kama unaipima," alisema tabibu. "Moyo unajua."

Fundi saa alilitazama daftari kwa muda mrefu. Halafu akauchana ukurasa wa mwisho yeye mwenyewe, akaukunjakunja, akaushika ngumini.

Tabibu alimwelekeza. Shambulio likija, asikimbie. Akae, miguu ikanyage sakafu. Avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, tumbo lijae. Aitoe kwa mdomo polepole akihesabu hadi sita. Arudie, huku akijiambia kwamba hii ni hofu na itapita. Ahesabu pumzi, asihesabu mapigo. Kahawa aipunguze. Atembee kila siku. Kila Jumatano aje aonane na mshauri wa zahanati, azungumze juu ya kaka.

"Na ukipata maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa mkononi au tayani," aliongeza, "au ukizimia, au pumzi ikakata na isirudi, usikae kupumua kwa hesabu. Njoo mbio. Na dawa ya mtu mwingine usiiguse tena."

Vidonge vilivyobaki, mkewe aliviacha zahanati vikaharibiwe.

Haikuwa rahisi. Mkono wake ulipanda shingoni wenyewe, mara ishirini kwa siku, na mkewe akaushusha bila kusema neno. Jumatano ya kwanza alikaa mbele ya mshauri akasema sentensi tatu tu. Ya pili hakwenda. Ya tatu mkewe alimsindikiza hadi mlangoni.

Mwezi uliofuata shambulio lilimkuta dukani, kali kama lile la kwanza. Alitaka kukimbia nje. Alishika ukingo wa meza, akakanyaga sakafu. Moja, mbili, tatu, nne. Moyo ulipiga ngumi zake. Alitoa pumzi. Akavuta tena. Uliendelea, ukaendelea, kisha ukaanza kushuka wenyewe, na alipoona unashuka, akalia. Alimlilia kaka kwa sauti, kwa mara ya kwanza, paji la uso likiwa mezani. Mshona viatu alikuja, akageuza kibao cha "Tumefunga", akasimama mlangoni kwa nje ili watu wasiingie.

Kuanzia hapo mashambulizi yalipungua. Yalikuja mara moja kwa wiki, baadaye mara moja kwa mwezi. Mikono ilitulia. Siku moja alifunua ile bilauri juu ya saa aliyoiacha kaka.

Alikuwa ameitia springi kwenye kibano, kioo kiko jichoni, kivuli kilipoingia mlangoni. Alikuwa shemeji yake. Hakuwa amekanyaga duka lile tangu mumewe atolewe humo.

"Shemeji, una shughuli?"

Springi ilikuwa upana wa unywele mmoja tu kutoka mahali pake. Mdomo wa fundi saa ulifunguka na maneno ya zamani yakaja yenyewe. Aliufunga. Akaweka kibano chini. Springi ikaruka, ikapotelea chini ya meza. Hakuitafuta. Alivua kioo.

"Sina, shemeji. Karibu. Kaa."

Kiti kitupu kilikuwa kimoja tu. Shemeji alikaa, mikono magotini, kwenye kiti cha mumewe. Fundi saa akaona kwamba akingoja hata kidogo hatasema tena. Kwa hiyo alimwambia. Alimwambia kifua kilivyombana kaka, na neno alilojibiwa, na kwamba yeye mwenyewe hakugeuka.

Shemeji alitazama sakafu. Saa za ukutani zilikwenda.

"Asubuhi ile aliniambia kifua ni kizito," alisema. "Nilikuwa nachelewa kazini. Nikamwambia, ukifika dukani mwambie mdogo wako akupeleke zahanati."

Fundi saa aliinua macho kumtazama.

"Tangu siku ile moyo unanidunda, shemeji. Barabarani, kazini. Nahisi nakufa. Sijamwambia mtu. Ningemwambia nani?"

"Unadunda sasa hivi?"

Aliitikia kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Kifua kinauma? Mkono?"

"Hapana. Kinadunda tu, na vidole sivisikii."

"Kesho asubuhi tunakwenda wote kwa tabibu. Wakupime moyo kwanza, na damu. Usimeze chochote." Alivuta kiti chake hadi magoti yao yakakaribiana. "Sasa kanyaga sakafu. Hivyo. Vuta kwa pua, nitakuhesabia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Toa, polepole."

Shemeji alitoa pumzi, ikakatika katikati, akaanza kulia.

"Lia," alisema fundi saa. "Tutaanza upya."

Mteja alichungulia mlangoni. "Dakika Mbili! Yangu tayari?"

"Bado," alijibu fundi saa bila kumwondolea macho shemeji yake. "Njoo kesho."

Kisha akaanza tena kuhesabu, kutoka moja.