Bawa la Kasuku wa Gamboa

Mchana ule mgahawa wa chakula cha kupima kwa kilo pale mtaani Gamboa ulikuwa umefurika, na Jussara alikuwa na njaa ya kumla mtu. Alivaa gauni la njano lisilo na mikono, nywele kazifunga juu kwa penseli. Sahani yake ilijaa wali, maharage meusi na nyama mpaka pomoni. Alipoiweka kwenye mizani, kijana aliyesimama nyuma yake akaguna.

"Dada, hicho ni chakula au matofali?"

Jussara aligeuka ampe lake. Akakutana na macho yanayocheka, shati la maua lililopauka, na sahani ya majani matupu.

"Na wewe unamlisha sungura?"

"Sungura nimemwacha nyumbani Recife. Mimi naitwa Evandro."

Meza zilikuwa zimejaa, wakabanana kwenye kona moja. Hadi kahawa inaisha, walikuwa wamegundua kwamba wote wawili wanaelekea banda lile lile, la chama cha samba cha Mama Zuleide. Huko lilikuwa likijengwa gari la kanivali lenye kasuku mrefu kuliko nyumba ya ghorofa. Evandro alikuwa mpangaji mpya wa taa na miondoko. Jussara alikuwa mhandisi wa programu.

Ndani ya kompyuta ya gari alikaa mkalimani, programu ndogo iliyosoma maagizo ya Evandro mstari kwa mstari na kuyatimiza. Evandro aliandika kwa lugha nyepesi: bawa lipande, taa ziwe buluu. Lakini mkalimani mwenyewe hakujua mota ni mdudu gani. Jussara ndiye aliyemwongezea mikono, yaani moduli, vipande vya programu alivyoviandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, vilivyogusa mota na taa moja kwa moja.

"Mimi nasema, wewe unatenda," Evandro alimtania.

"Usizoee."

Wakapendana, tena vibaya. Kila siku Evandro alimpigia Jussara simu kabla hata jua halijakaa sawa.

"Umeamka, malkia?"

"Sijaamka. Unaongea na mzimu wangu."

"Basi mwambie mzimu nampenda."

"Mzimu anasema ulete mkate."

Hapo ndipo penye ugonjwa wa Jussara. Kupenda alipenda mpaka akasahau kula, yeye wa matofali! Ila neno lenyewe lilimgandia kooni. Aliona kwamba mtu uliyempikia kahawa na kumpa nusu ya kitanda, umekwisha kumwambia.

Siku moja Evandro alikuja bandani bila utani wake.

"Wananitaka Lisbon, kwenye jumba la michezo ya kuigiza. Niende?"

Jussara alitaka kumshika shati. Badala yake akajisikia akisema, "Kazi nzuri. Ukitaka, nenda."

"Hilo tu?"

"Ulitaka niseme nini?"

Evandro alimtazama, akangoja, kisha akatoka.

Kesho yake walijaribu bawa mbele ya chama kizima. Lilipanda hadi nusu, manyoya yakiwaka buluu, mara likafa. Kompyuta ikaganda.

"Tatizo ni nini, wanangu?" aliuliza Mama Zuleide.

"Muulize yeye," Jussara alisema, na uchungu wa jana ukamponyoka wote. "Anaandika ovyo. Akili yake iko Lisbon."

Evandro alivua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya meza taratibu. "Sawa, mhandisi," alisema. Hakurudi tena.

Wiki ile yote Jussara alibaki kupekua maagizo ya Evandro, akitafuta kosa lake kwa hamu mbaya. Hakuliona. Ndipo akafungua moduli yake mwenyewe, na kosa likawa humo.

Mkalimani ana tabia ya kupita na ufagio. Kitu ambacho hakuna aliyemwambia kwamba anakishikilia, anakihesabu takataka, anakitupa. Anayeandika moduli hufundishwa hilo mapema kabisa: ukishika kitu cha mkalimani, mwambie. Jussara alikuwa amelipokea agizo la Evandro la kushikilia bawa, akaandika pembeni anwani ya agizo hilo, yaani mahali lilipokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, akaridhika kwamba analo. Mkalimani hakuambiwa. Akafagia. Bawa lilipoliendea lile agizo, halikukuta kitu.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Aliuandika, kisha akapiga simu.

"Evandro, uko wapi?"

"Uwanja wa ndege. Nimeshapita ukaguzi."

"Kosa lilikuwa langu."

"Najua. Niliisoma moduli yako jioni ile ile, kwenye kompyuta yangu nyumbani."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nikuaibishe mbele ya watu wako? Siwezi, malkia. Nilijua utaliona mwenyewe."

Jussara aliegemea mguu wa kasuku. Machozi yalimtoka, hakujali nani anamwona. "Nakupenda. Unasikia? Nakupenda toka kule kwenye mizani. Usiende."

Kwenye simu ulisikika ukelele wa watu na magurudumu ya masanduku.

"Ungesema siku ile nilipokuuliza, nisingefungasha hata soksi," Evandro alisema. "Sasa nimetia saini, chumba nimekiachia, mama yangu Recife amelia mpaka amenyamaza. Nilidhani hakuna anayenishika."

"Nilikuwa nimekushika muda wote!"

"Mimi ningejuaje?"

"Basi nifanye nini? Niambie, nitafanya."

"Sijui, Jussara. Kweli sijui." Wakaanza kuita abiria. "Fungua bawa. Nilisikie."

Alibonyeza kitufe. Mota ziliguna, manyoya yakawaka, bawa likapanda, likapita pale lilipofia, likatanda juu ya vichwa vya watu wote. Banda likalipuka kwa vifijo.

"Limeshika?" Evandro aliuliza.

"Limeshika."

"Safi, mhandisi wangu," alisema, na simu ikakatika.

Wafanyakazi waliruka na kukumbatiana. Mama Zuleide alipangusa macho, akapiga makofi mawili. "Imetosha, mwanangu. Lishushe sasa, tule."

Jussara alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe.

"Jussara! Lishushe."

Hakulishusha.