Bwana Tayari na Umeme wa Meli

Asubuhi ile nyumba ilikuwa na amani, jamani. Chai ilikuwa mezani, redio inaimba kwa sauti ya chini, na fundi umeme wa meli alikuwa anafunga viatu huku binti yake mdogo amempanda mgongoni. Kaka wa mkewe, mpokea kamba wa gatini, yule anayezifunga meli zinapofika, alikuwa amepitia ili waende kazini pamoja. Yeye ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi ile, na hakuwahi kumsimanga kwa hilo hata siku moja.

"Baba watoto, ile soketi ya jikoni umeikaza?" mkewe aliuliza.

"Tayari."

Mke akaitazama soketi inavyoning'inia ukutani. Alichukua selotepu akaibandika mwenyewe. Kaka yake alicheka mpaka chai ikampalia.

"Ndiyo maana huko bandarini tunamwita Bwana Tayari!"

Sote tuliokuwa pale, na mimi jirani yao, tulicheka, maana fundi alikuwa mtu wa watu. Wala hakuwa mvivu. Alipenda tu kuonekana amemaliza, kwa hiyo alijibu kwanza, kazi akaifanya baadaye. Mara nyingi hiyo baadaye ilimtosha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ile meli ikiwa safarini, injini kuu inayoisukuma ndiyo hiyo hiyo iliyozungusha jenereta kubwa iliyofungwa kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha rafadha. Taa, pampu, mashine ya usukani, vyote vilipata umeme hapo. Ni raha tupu, ila ina sharti lake: injini ikipunguza mwendo kuingia bandarini, jenereta hiyo nayo inalegea na umeme unakatika. Ndiyo maana kabla ya hapo fundi huwasha jenereta ndogo yenye injini yake, kisha huuhamishia huko mzigo wote wa umeme. Ni kazi ya dakika tano. Na yote yakishindikana, kwenye sitaha ya juu kuna jenereta ya dharura, inayopaswa kujaribiwa kila Jumamosi. Katika kitabu cha kumbukumbu ilikuwa imejaribiwa kila Jumamosi, kwa mwandiko mzuri wa fundi wetu. Betri ya kuiwashia ilikuwa imekufa tangu msimu wa mvua uliopita.

Siku ya nne ya safari, saa nne asubuhi, meli ikarudi. Simu ya chumba cha injini ikalia.

"Fundi, tunakaribia gati," nahodha alisema. "Umeme umeshauhamisha?"

Fundi alikuwa ameshika simu yake ya mkononi, anamwandikia binti yake kwamba baba amefika.

"Tayari, nahodha."

Haki ya Mungu, alikusudia kuifanya kazi ile palepale. Alitaka tu kumalizia ujumbe. Huko juu nahodha, kwa kuamini alichoambiwa, akapunguza mwendo.

Taa zikafifia, zikazimika. Pampu zikanyamaza, na injini kuu nayo ikafa. Fundi alikimbia gizani, akajigonga nyonga kwenye meza, akaanza kupapasa swichi za jenereta ndogo.

"Ya dharura mbona haiwaki?" mhandisi mkuu alipiga kelele. "Si uliijaribu juzi?"

Fundi aliendelea kupapasa. Usukani ulikuwa umekwama, na meli nzito haina breki. Waliusikia mgongano kwa nyayo za miguu yao.

Jenereta ndogo iliwaka dakika moja baadaye.

Gatini watu walikuwa wametimua mbio. Mpokea kamba alikuwa ameshafika mahali salama, akageuka kumvuta mwenzake aliyeteleza. Mwenzake yu hai. Yeye tulimzika kesho yake.

Siku ya tatu ya msiba, mke wa fundi aliketi mbele yake jikoni.

"Nahodha anasema alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Ulikuwa umeuhamisha?"

Fundi aliitazama ile soketi yenye selotepu.

"Bado," alisema.

"Kumbe neno hilo ulikuwa nalo," mkewe alimjibu. Akafunga nguo za mtoto, akaenda kukaa na wifi yake mjane. Hakurudi. Leseni ya fundi ilifutwa, na kesi bado inamngoja. Usiku ule mkewe alipoondoka, fundi aliikaza ile soketi barabara. Hakukuwa na mtu wa kuuliza.

FUNZO

Ndugu zangu, angesema "bado", nahodha angefoka kidogo, meli ingesubiri dakika tano, na watoto wa mpokea kamba wangekuwa na baba yao. Hasira ya mkubwa inapita. Anayekuuliza kama kazi imekwisha ameweka roho za watu juu ya jibu lako, kwa hiyo mwambie kweli hata kama inakuaibisha.

Na sisi tuliobandika selotepu na kucheka, tusijitoe. Tulijua. Siku ile jikoni tulipaswa kumshika mkono, tumpe bisibisi, tusimame hapo mpaka aikaze.