Uti Usioinama

Katika stesheni ya Morogoro, wapagazi wa miaka sabini walitembea wamenyooka wima. Ndani ya migongo yao mlikuwa na uti-hai: fito mbili za madini, zilizopandikizwa kando ya pingili. Zilirefuka zenyewe kila umri ulipoanza kumdidimiza mtu, na akiinama na mzigo, zilijifunga asije akajiumiza.

Aliyezibuni ni Mhandisi Shomvi. Mganga hajigangi, husema watu, lakini yeye alianza na mgongo wake mwenyewe. Mama yake, Bi Mwantumu, alibeba kuni za watu mpaka akapinda, na upasuaji akaukataa. "Mimi nimeshazoea kutazama chini, baba," alimwambia. "Wasaidie wenzangu."

Waajiri waliomba ufunguo wa kukilegeza kifungo hicho. Shomvi alikataa katakata: ufunguo ukiwepo, mpagazi atalazimishwa kuutumia. Hata yeye hakujiwekea. Alifanya haki, na atakayemlaumu kwa hilo hajawahi kubeba gunia.

Bi Mwantumu alifariki asubuhi, akazikwa alasiri. Mtoto wa kiume hamwachii mwingine kumlaza mama yake, kwa hiyo Shomvi alishuka kaburini pamoja na mjomba wake, Mzee Kibwana, na mtoto wa mzee huyo. Maiti ikateremshwa mikononi mwao. Ilikuwa nyepesi, inatia huruma. Lakini uti-hai haukupima uzito peke yake. Ulipima pia mgongo ulivyopinda chini ya uzito huo. Shomvi alipoinama kumlaza mama yake kwenye mwanandani, shimo dogo la ndani ya kaburi, fito zikakaza.

"Mzigo umezidi," sauti ndogo ya uti-hai ilimwambia sikioni. "Nyooka."

Alijaribu tena mpaka jasho likamtoka. Kaburi lilikuwa jembamba, magoti hayakuwa na pa kwenda.

"Inama, mpwa wangu," alinong'ona Mzee Kibwana.

"Siwezi, mjomba."

"Huwezi nini? Mama yako huyu!"

"Mgongo unakataa. Unasema ni mzigo."

Mzee alimtazama, hasira ikamwisha. "Basi toka, mwanangu. Ashuke mwenye kuweza."

Mtoto wake wa pili akashuka, akampokea Bi Mwantumu mikononi mwa Shomvi, akamlaza taratibu, ubavu wa kulia. Shomvi alivutwa juu na watu, akasimama ukingoni amenyooka kama askari.

Wakati wa kutia udongo ulipofika, mikono yake ilikuwa mitupu. Fito zikalegea. Akainama bila shida yoyote, mpaka chini kabisa, na hapo ndipo alipolia.