Nafasi ya Tatu Kutoka Kushoto

Ilikuwa Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Raya aliporudi kwenye kikundi chake cha ngoma baada ya miaka minane, na hakuna aliyeshangaa kumwona.

Alisoma Dodoma, akaajiriwa huko, akaolewa, akazaa, na muda wote huo hakukanyaga uwanja ule wa Njoro, mtaa aliokulia. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi. Wachezaji walimtupia jicho mara moja wakaendelea kufunga vibwebwe. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu asubuhi. Baridi ilikuwa imelegeza ngozi za ngoma, na mwalimu wao, Elifuraha, alikuwa amechutama akizipasha kwenye moto wa majani makavu ya mgomba.

"Shikamoo, mwalimu."

Elifuraha akainua uso taratibu. "Marahaba. Leo umesalimia."

Raya akadhani ni utani. Katika safu, nafasi ya tatu kutoka kushoto, iliyokuwa yake zamani, ilikuwa wazi. Akaingia. Ngoma iliyopigwa ilikuwa ngeni kwake, yenye mzunguko wa ghafla mguu wa kulia ukiwa hewani, lakini miguu yake ikazunguka pamoja na ya wenzake bila kukosea hata mara moja.

Walipopumzika alimfuata Elifuraha. "Mwalimu, hii mmeitunga lini?"

"Mwaka juzi. Aisee Raya, si wewe uliyetufundisha ule mzunguko?"

"Mwaka juzi nilikuwa Dodoma."

Elifuraha akacheka, kisha akaacha. "Kila Jumanne unakuja, unacheza, unaondoka. Husemi na mtu. Tukasema chuo kimemfundisha maringo." Akamtazama kwenye paji la uso, akashusha sauti. "Ila leo unatoka jasho. Miaka yote hii sijakuona hata na tone."

Raya alifika nyumbani, nyumba waliyohamia kutoka Dodoma mwezi ule, saa moja kasorobo. Mumewe, Hafidhi, alikuwa sebuleni na simu yake.

"Umetokea mlango gani? Si ulikuwa jikoni sasa hivi?"

Jikoni mtori ulikuwa unatokota, na kulikuwa na harufu ya udi, ambao Raya hawashi kwa sababu unambana kifua. Binti yao wa miaka minne, Mwantumu, alikuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri.

"Mama, zunguka tena," alisema. "Kwa mguu mmoja."

Raya aliumwaga mtori wote. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akawaacha wawili hao wamelala, akaenda kwa mama yake, Bi Hajira, mtaa wa tatu kutoka kwake.

Bi Hajira alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kufunga dirisha.

"Kabla hujaenda chuo ulianguka uwanjani. Unakumbuka?"

"Malaria."

"Haikuwa malaria. Tulikupeleka kwa fundi wa mashetani, kule Pasua. Pepo mmoja, bibi, akapanda kichwani kwako, akasema anapenda unavyocheza, hatoki." Alikuwa anaongea kwa kunong'ona. "Nikambembeleza. Nikamwambia, mwache mtoto asome, wewe mtunzie nafasi yake mpaka arudi. Akakubali. Sikujua kama utarudi kucheza, mwanangu."

"Na nimerudi."

"Basi amekurudishia yako. Sasa anatunza ile unayoiacha nyumbani ukitoka." Akamshika mkono. "Mtoto umemwacha na nani?"

Raya alikuwa ameshasimama.

"Fundi alishakufa, hakuna wa kumwita. Nenda wewe. Ingia, mwambie atoke, nyumba ina mwenyewe. Mwambie leo hii. Mtoto akishamzoea, hatoki."

Raya alikimbia mitaa yote mitatu, katika ukungu uliokuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, akirudia kimyakimya maneno aliyopewa ili yasimpotee, akisikia visigino vyake vikipiga ardhi kwa mapigo ya ngoma ile asiyofundishwa, na kila alipojaribu kukimbia ovyo ili kuyavunja, miguu ikayarudia yenyewe, hadi akafika mlangoni kwake na kukuta umefungwa, na ndani maji yanamiminwa kwenye beseni, na Mwantumu anacheka kicheko kirefu ambacho hajawahi kumchekea yeye, na Hafidhi anasema, "Mama Tumu, chai ya leo tamu," na sauti inamjibu, sauti yake Raya, yenye kile kikohozi kidogo alichoamka nacho asubuhi ile.

Harufu ya udi ilikuwa inapenya chini ya mlango. Ufunguo alikuwa nao mkononi. Akafungua mdomo kusema yale maneno. Ndani pakawa kimya, kama watu wanaosikiliza nje kuna nani.

Raya akavua viatu kizingitini, akavipanga pembeni, akabisha hodi kama mgeni.