Nukta Kumi na Nne

Ufundi sikufundishwa darasani. Nilifungua kompyuta za watu na kuziunguza hadi nikaelewa. Na siuzi kitu kilichotumika nikasema kipya. Anna, jirani yangu wa Levolosi mwenye stesheneri, alilijua hilo. Jumatatu asubuhi akaniita: mashine yake imejaa, inajivuta.

Nilimfungia SSD mpya, diski ya kasi, ili iwake haraka, na chini yake diski kubwa kuukuu ya kutunzia kazi. Nikamwambia wazi: imetoka stesheneri moja ya Usa River, mwenyewe alifariki. Kwanza niifute.

"Usifute, fundi. Si kuna wasifu za marehemu humo? Mteja wa msiba hana subira. Nafungua ya zamani, nabadilisha jina tu, nachapa."

Mwanawe wa siku kumi na moja alikuwa amelala kwenye boksi la karatasi kando ya meza. Walikuwa wanamsubiri bibi ashuke kutoka Ngaramtoni ampe jina.

Jumanne akanipigia. Nilimkuta amesimama mbali na mashine.

"Soma."

Wasifu wa marehemu Gadiel. Mume wake. Jina la baba yake, mwaka wa kipaimara, hadi tarehe ya ndoa. Amefariki ghafla siku ya Alhamisi.

Alhamisi ya wiki ileile, yaani keshokutwa. Gadiel mwenyewe alikuwa nje, anaosha pikipiki huku akipiga mluzi.

"Huu utani wa nani?" nikafoka. Nikalifuta lile faili. Likarudi. Nikalifuta tena.

Likarudi na saa: saa nne asubuhi.

Anna akanong'ona, "Badilisha jina."

"Niweke la nani?"

Akatazama barabarani, watu wanapita.

"Yeyote, fundi. Si unawajua wengi?"

"Mimi siui mtu!" Nikafuta jina la Gadiel kwa hasira, nikabonyeza nukta pale pale lilipokuwa. Nukta. Nukta. Kumi na nne. Nikahifadhi, nikafunga, nikafungua. Gadiel hakurudi.

Anna akalia kwa furaha. Nikang'oa diski, nikaipasua kwa nyundo mbele yake. Mashine tukaizima.

Alhamisi, saa nne na dakika tano, simu ikaita. Gadiel. Mzima. Nilicheka kusikia sauti yake.

Yeye hakucheka.

"Mtoto hajaamka," akasema.

Yule ambaye hakuwa na jina bado.

Tulizika Jumamosi. Anna hakuchapa chochote. Mashine haikuwashwa tangu Jumanne, na waya wake wa umeme ninao mimi. Lakini tulipofika uani, kila kiti kilikuwa na karatasi juu yake. Nikaokota ya kwangu.

Ilikuwa bado ina joto la printa.

Marehemu, halafu nukta. Nikazihesabu kwa kidole. Anna alikuwa ananiangalia.

Kumi na nne.