Kahawa ya Kibandani

Hebu niambieni: mtu umemkabidhi watoto arobaini, ukamnyima hata ramani moja, kisha ukamwambia “lete teaching aids”, zana za kufundishia, ulitaka akazitoe wapi?

Elpidius aliiba kwao. Mwaka 1954 alikuwa mwalimu mwanafunzi wa historia na uraia, shule ya nyasi upande wa Kaisho, na mkaguzi wa misheni, Bwana Egbert, alikuwa anakuja kumpima. Somo lilikuwa jinsi wazee walivyopokea wageni. Migombani kwa shangazi yake Kokubanza kulikuwa na kibanda cha mzimu wa babu, na ndani yake kikapu cha kahawa kavu ya kutafuna, ile anayopewa mgeni kabla ya maneno. Hiyo ilikuwa ya babu na wageni wa babu. Elpidius alikibeba kikapu.

Somo lilinoga. Mwanafunzi mmoja, Kemigisha, alichukua punje ya kwanza, wenzake wakafuata, Bwana Egbert naye akatafuna, akaandika “Very good”.

Kesho yake darasani kitu kilisikika kikitafunwa.

“Kemigisha, tema.”

“Sina kitu, mwalimu.”

Kweli, kinywa kilikuwa kitupu. Lakini taya halikusimama, wala siku ya pili, chakula hakipiti, midomo imechubuka, na kila Elpidius alipogeukia ubao harufu ya kahawa ilimjia kisogoni na sauti ile ikamfuata, kta, kta, kimya, kta, mwendo uleule wa babu aliyetafunia upande mmoja kwa sababu ya meno yaliyong'oka, babu aliyemlea.

Kokubanza aliitwa. Alimsikiliza binti, akanong'ona: “Amekaribishwa. Babu anamngoja kwake. Aliyechukua arudishe kwa mkono wake, na kila aliyetafuna akaseme kibandani. Nani alichukua?”

Elpidius alimtazama mkaguzi, aliyekuwa bado hajaondoka shuleni. Mwalimu wa misheni na mizimu? Cheti kwaheri. Akanyamaza. Akanyamaza siku mbili nzima, huku mtoto wa watu akimtazama tu, akitafuna.

Siku ya tatu mamake Kemigisha alileta sanda shuleni.

“Ni mimi, waitu, ndugu zangu,” Elpidius alisema. “Nisameheni.”

Alirudisha kikapu kwa magoti. Watoto wakasema mmoja mmoja: nilitafuna, babu, niruhusu nirudi nyumbani. Taya la Kemigisha likatulia. Akaomba uji.

“Na wewe, Bwana mkubwa?” Kokubanza alimuuliza mkaguzi aliyesimama nje ya kibanda.

“Mimi sikutafuna kitu,” Bwana Egbert alijibu. Akarudi ofisini misheni, akamwita Elpidius, akakaa kuandika barua ya kumfukuza. “Umeaibisha misheni, kijana.”

Elpidius aliinamisha kichwa. Ndipo akasikia, ng'ambo ya meza: kta, kta. Kimya. Kta.

Kalamu ilianguka.

Basi ninyi mnaokagua: pelekeni ramani, pelekeni chaki, kisha ndipo mpime. Na huyo Bwana Egbert wenu mleteni Kaisho kabla hajamalizika, apige magoti kibandani aseme alitafuna.