Pumzi Ndani ya Darubini

Milango ya treni ilikuwa inajifunga Melker Sandahl alipojipenyeza kwa ubavu, kompyuta imefunguka mkononi kama sinia la maandazi. Stesheni ya Göteborg ikaanza kurudi nyuma na umati wake. Nafasi ilikuwa moja tu, kando ya mwanamke mwenye kofia ya rangi ya chungwa na koti zito la kijani lililochakaa viwiko. Akakaa, akaendelea na mchezo wake.

"Umekufa mara sita tangu tuondoke," mwanamke akasema baadaye.

"Unanihesabia?"

"Sina gazeti."

Melker akacheka, akamwelekezea skrini. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kutengeneza michezo ya kompyuta. Huu ulikuwa wa mtu aliyebaki peke yake msituni, anapambana na baridi na njaa, nawe unamtazama kutoka juu kama ndege anayezunguka. Bunduki za kawaida hazikumsumbua. Ile yenye darubini ndiyo ilimtoa jasho miezi mitano.

"Ona. Akiinua darubini, skrini nzima inakimbilia miti ya mbali, mwenyewe anapotea nyuma. Mbwa mwitu anamtafuna bila yeye kujua. Nikiiacha skrini palepale, darubini haina faida."

"Umewahi kushika bunduki?"

"Ya maji."

"Inaonekana. Huyu mtu wako umemfumba jicho moja. Sisi tunaacha yote mawili wazi, kaka. Moja liko ndani ya kioo, jingine linatazama kando. Elgi jike, yule kulungu wa misitu ya huku, anatoka kwanza, mkubwa kama farasi. Ndama yuko hatua kumi nyuma. Ukifumba jicho, humwoni. Na jike mwenye ndama hapigwi."

Melker akaacha kubonyeza vitufe.

"Hebu rudia."

"Nirudie? Watu watadhani nimekuchumbia."

Aliitwa Tuva Rydh. Aliendesha tramu Göteborg, na kila Oktoba alirudi Falköping kuwinda na baba yake. Treni ilipofika kwao akasimama, msuko wake mrefu wa nywele ukamgusa Melker begani.

"Jumatatu njoo ukae nami kwenye mnara wa kuwindia. Usijipake manukato. Na simu uizime."

Melker alikuja bila manukato. Simu hakuizima.

Walikaa juu ya mnara wa mbao, magoti yamegusana, chupa ya kahawa katikati. Jike akatoka ukunguni, ndama ubavuni pake. Tuva akainua bunduki, akamlenga ndama. Akavuta pumzi, akatoa nusu, akaizuia. Ndama alikuwa amesimama vibaya, akaishusha. Melker hakuwatazama wanyama hata kidogo, alimtazama yeye. Na mfukoni simu ilikuwa inanasa kila pumzi.

Majira ya baridi yakapita kwa simu.

"Marehemu wangu, umekufa mara ngapi leo?"

"Mbili tu, dereva. Umegonga wangapi?"

"Ningekugonga wewe ungekuwa karibu."

Na kazi ikakaa, tena ikakaa vizuri kweli. Mtu alibaki mahali pake kwenye skrini. Duara la kioo lilifuata kipanya, na ndani yake mbali kukawa karibu. Nje ya duara kulififia bila kuzimika, hivyo kivuli cha mbwa mwitu kilionekana kwa anayejali kuangalia. Duara liliyumba kwa pumzi. Ukiizuia, linatulia, lakini moyo unaanza kudunda na pembeni panazidi kuwa giza. Fundi hodari tu ndiye angepima vile, giza lisikufiche kila kitu, wala lisikuachie raha.

Aprili kukawa na maonyesho ya michezo ya kompyuta Göteborg. Tuva alikuja amevaa gauni la manjano chini ya koti la kazini, akavaa visikizi masikioni, akainua darubini ya mchezo. Tabasamu likamkauka. Alivunjika pua akiwa na miaka tisa, na tangu hapo pumzi yake huishia na kamlio kadogo.

"Hii ni pua yangu."

"Nilitaka kukushtukiza, mpenzi—"

"Nilikwambia uzime simu! Pale juu hata baba yangu haketi nami, Melker. Wewe nilikukaribisha. Halafu unanitia masikioni mwa watu mia tatu?"

"Ni pumzi tu."

"Kama ni pumzi tu, mbona hukuniomba?"

Akatoka. Simu za Melker zikaita bure.

Annika, bosi wa Melker, alikuja juu. "Ukiitoa sauti hiyo umeiua darubini. Ndiyo wanayoisifu watu!"

"Basi na ife."

Akaifuta mpaka nakala ya mwisho. Akapanda ngazi za ofisi mbio, akanasa sauti yake mwenyewe akihema, akaiweka hiyo. Wajaribu mchezo wakaandika kwamba mwindaji apelekwe kwa daktari. Akamtumia Tuva mchezo na maneno machache: "Yako nimeifuta, hata mimi sinayo. Nilikosa."

Siku tisa zilipita kimya. Ya kumi, saa ya chakula cha mchana, simu ikaita.

"Huyu mtu wako anahema kama ng'ombe aliyepanda ngazi."

"Ni mimi."

"Sasa angekuwa nani? Nimekufa mara kumi na moja kwa kucheka." Kengele ya tramu ikalia nyuma yake. "Melker, ya kumi na mbili nilimwona mbwa mwitu. Pembeni kabisa, kwa lile jicho la pili. Wewe uliyeshika ya maji tu, umewezaje?"

"Uliniambia wewe."

"Nilisema. Sikudhani kuna mtu anasikiliza hivyo." Kengele ikalia tena. "Haya, niombe sasa."

"Nikuombe nini?"

"Pumzi, mjinga wewe. Anza na pumzi."

Aliomba pumzi siku ile, na ndoa mwezi Agosti. Vyote alipewa. Mchezo ulitoka Novemba, ukauzwa kiasi. Pumzi yenye kamlio imo, na jina la Tuva Rydh limeandikwa mwishoni. Annika alihamia Oslo. Baba yake Tuva alicheza mara moja, akasema miti imesongamana mno. Mke na mume wanaishi Falköping, na Tuva bado anaendesha tramu Göteborg, huenda na kurudi kwa treni. Melker hajafyatua risasi hata leo. Kila Oktoba hupanda mnarani na mkewe, na simu huiacha nyumbani, mezani.